Historia ya Walburga Luambano, Aliyeomba Ugonjwa Wake Utajwe

Tumsifu Yesu Kristo, na kwenu ndugu zetu Waislamu mliokuwa nasi tangu juzi, asalaam aleikum. Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Bombambili, mafundi wenzake wa Mfaranyaki, na wanakikundi wa maombi wa Mlango Wazi, historia hii inasomwa na Otto Luambano, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia, naye si msomi, aliishia darasa la saba, kwa hiyo mtamvumilia atakapokwama. Jambo moja lijulikane kabla hajaendelea. Marehemu aliacha ombi, tena alilirudia mbele ya mume wake na mama yake akiwa na akili zake timamu, kwamba siku ya kusomwa historia yake ugonjwa wake utajwe kwa jina, isisemwe tu kwamba aliugua kwa muda mfupi, maana hakuugua kwa muda mfupi.

Marehemu Walburga alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 katika kijiji cha Maposeni, karibu na Peramiho, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Mathias Luambano na mama Lidwina, ambaye mnamwona amekaa pale karibu na jeneza, amejifunika blanketi kwa baridi hii ya Juni. Alianza shule ya msingi mwaka 1982, na njia ya kwenda shuleni ilipita kwenye mikaratusi, asubuhi kukiwa bado na giza na ukungu, naye alikuwa mwoga kuliko watoto wote wa kijiji. Mama Lidwina, ambaye hajui kusoma hata jina lake, alimpa aya aliyoisikia kanisani, ile isemayo Bwana ni nuru yangu, lakini alimpa kwa utaratibu wake mwenyewe. "Kwanza mwambie Mungu unaogopa nini," alimwambia, "mtajie giza, mtajie mbwa wa mzee Tawete, usimfiche kitu, halafu ndiyo umwambie yeye ni nuru. Ukianza na nuru tu, atajuaje kwamba wewe uko gizani?" Walburga aliupita msitu ule miaka saba akitetemeka na akisali, vyote viwili kwa pamoja, akamaliza darasa la saba mwaka 1988.

Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Mwaka 1990 alipelekwa kwa masista kujifunza ushonaji, akahitimu mwaka 1992, na mwaka uliofuata akapata sehemu ya kuweka cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Mfaranyaki, akaishonea Songea sare za shule, magauni ya komunyo ya kwanza na mashati ya kwaya kwa zaidi ya miaka thelathini. Waliokaa naye barazani wanakumbuka kwamba pedali yake haikuzunguka bila Neno, mshono mrefu ulikuwa na aya yake na mshono mfupi na yake, na akiharibu kitambaa cha mtu alianza kusema "Eh Bwana, nimeharibu," kisha akasema nayaweza yote katika yeye anitiaye nguvu, akafumua, akashona upya. Neno lilimlea vizuri, ndugu waombolezaji, na familia inaomba isieleweke vibaya kwa haya yatakayofuata.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na ndugu Saimon Gama, mkulima wa mahindi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Dorine aliyezaliwa mwaka 1998 na Polikarp aliyezaliwa mwaka 2003. Ilikuwa nyumba ya watu wanaocheka, Mama Dorine akiwa ndiye wa kwanza kucheka.

Mwaka 2015 alijiunga na kikundi cha maombi cha Mlango Wazi, kinachoongozwa na Mwalimu Amedeus, ambaye yuko nasi hapa. Kikundi kilimfundisha kukiri, yaani kulichukua andiko na kulisema kwa kinywa juu ya maisha yako kila siku, asubuhi kabla ya kuwasha jiko, njiani, kazini, mpaka unapolala, nimebarikiwa, nimepona, mimi ni kichwa wala si mkia. Lakini kikundi kilikuwa na sheria moja ambayo mama Lidwina hakumfundisha kule Maposeni, kwamba udhaifu hautajwi. Mtu akisema nimechoka, au naumwa, au sina, wenzake wote wanapiga makofi mara moja na kupaza sauti, "Futa kauli!", naye lazima aifute kwa kusema kinyume chake.

Marehemu aliipenda sheria hiyo, akaileta nyumbani, na mwanzoni ilikuwa kama mchezo wa familia. Polikarp alitoka shuleni akisema ana njaa, mama yake akapiga makofi, "Futa kauli, sema nimeshiba!", kijana akafunua sufuria, akachungulia, akamwambia, "Basi mama, na hii nayo iambie ijae." Mteja mmoja alifuata gauni lake Jumamosi akalikuta halina mikono, Walburga akamwambia kwa imani limekamilika, yule mama akashika kiuno, "Mwe, Mama Dorine, kesho kanisani nitavaa imani?" Walicheka wote barazani, na yeye akacheka mpaka akaiegemea mashine.

Hata mama yake mzazi hakumwacha. Alipokuja kumsalimu mwaka 2019, akaketi na kusema magoti yanamsumbua, binti yake akapiga makofi mbele ya wageni, "Futa kauli, mama." Bibi akamjibu, "Magoti ni yangu, na Mungu ananijua nayo." Miaka mitano baadaye, akiwa kitandani, marehemu alimwomba mama yake radhi kwa siku ile, akasema kati ya makofi yote aliyopiga duniani, yale ndiyo yanayomuuma.

Mwezi Februari 2022, alipokuwa akijipima gauni la Pasaka, mkono wake ulikutana na uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikwenda uani alikokuwa mume wake akichonga mpini wa jembe, akamwambia, "Baba Dorine, nina uvimbe hapa." Saimon hakuinua macho, alisema, "Futa kauli." Hakusema kwa ubaya, na ameomba mwenyewe isomwe hivi, alisema kama mtu anavyoitikia amina, alisema kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni huyohuyo aliyesimama mbele yake ameshika kifua. Otto naye, alipopigiwa simu huko Namtumbo, alijibu hivyohivyo, na watoto vilevile. Walburga akarudi ndani, akafumua mshono wa upande wa kushoto, akaupanua kidogo, akalivaa gauni lile siku ya Pasaka, na hakuna aliyeona kitu, maana alikuwa fundi.

Mwezi Agosti aliupeleka uvimbe wake kwenye kikundi. Walimzunguka, wakamwekea mikono, wakaimba kwa upendo ambao familia haiukatai, lakini alipotaka kueleza mahali panapouma na tangu lini, Mwalimu Amedeus alimzuia. "Usiupe jina, dada," alimwambia, "ukiupa jina umeukaribisha ndani, umeupa na kiti." Akaelekezwa kushukuru kana kwamba amekwisha kupona, na tarehe 30 Oktoba 2022 akasimamishwa mbele ya watu kutoa ushuhuda wa uponyaji, akiwa amevaa gauni jeupe aliloshona mwenyewe, upande wa kushoto mpana kuliko wa kulia. Vigelegele vilipigwa siku ile. Dorine anakumbuka mama yake alivyorudi nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu, akasema, "Sasa sina tena pa kusemea."

Na ilikuwa kweli hana. Tangu siku ile kwenda hospitali kulikuwa ni kumfanya Mungu mwongo, ndivyo alivyoelezwa na ndivyo alivyoamini, kwa hiyo akaendelea kukiri, kwa sauti kubwa zaidi kadiri maumivu yalivyozidi, na sisi nyumbani tukisikia sauti imekuwa kubwa tulisema mama amejaa imani. Mwaka mzima wa 2023 ulipita hivyo, ndugu zangu. Kila gauni alilojishonea mwaka ule lilikuwa pana kidogo upande wa kushoto kuliko lililotangulia.

Mwezi Januari 2024 jirani yetu Mwanaheri, Mwislamu kutoka Tunduru anayeuza korosho pale njia panda, alimpelekea dera lipunguzwe, akamwona anakata kitambaa kwa mkono mmoja, huo mwingine ameubana ubavuni.

"Shoga, mkono una nini?"

"Nimebarikiwa, jirani, sijambo kabisa."

"Sikukuuliza dini, nimekuuliza mkono."

Walburga akaweka mkasi chini, akaangalia kushoto na kulia kama mwizi, kisha akasema, "Naumwa." Akangoja makofi. Mwanaheri akamwambia, "Pole, mwenzangu. Pole sana," akavuta kigoda karibu, akamshika mkono, na Walburga akalia pale barazani mbele ya wateja, kwa sababu tangu uvimbe ule uanze hapakuwa na mtu hata mmoja, mkristo mwenzake wala wa damu yake, aliyewahi kumpa neno hilo dogo la pole. Kesho yake asubuhi Mwanaheri aliacha korosho zake, akapanda naye basi dogo hadi hospitali ya Peramiho, akakaa naye kwenye foleni akimshikia kadi.

Madaktari walimpima, wakamwambia ni saratani ya titi, na imekwisha kwenda kwapani na kwenye ini. Daktari alimuuliza kwa upole, "Mama, siku zote hizi ulikuwa wapi?" Marehemu akajibu, "Nilikuwa nashukuru."

Alipewa rufaa kwenda Dar es Salaam, akatibiwa kwa awamu kuanzia Machi hadi Novemba 2024, nywele zikaisha, akarudi Songea akiwa mwepesi kama kitambaa. Baadhi ya wanakikundi walikuja kumwona mara moja, wakamwambia aliufungua mlango mwenyewe siku aliyosema naumwa, ushuhuda wake umepotea, wakaondoka na hawakurudi. Maneno hayo aliambiwa akiwa hawezi hata kujigeuza. Ila walipotoka alimwambia Dorine, "Bwana mwenyewe msalabani alilia kwamba ameachwa, na hakuna malaika aliyempigia makofi afute."

Mama Lidwina alihama Maposeni, akaja na magoti yake kumuuguza binti yake. Kila asubuhi alimuuliza, "Panauma?", binti akajibu, "Panauma, mama, hapa na hapa," na alipomaliza kutaja kila mahali ndipo wakasema pamoja Bwana ni nuru yangu, taratibu, kama kwenye njia ile ya mikaratusi. Mwanaheri alifika kila alasiri baada ya swala, akampaka mafuta miguuni, akimtania kwamba mbinguni atawashonea malaika na kuwachelewesha. Ndugu Saimon aliyaona hayo yote kutoka mlangoni, wiki nyingi, asijue pa kuingilia. Siku moja ya Mei akaingia, akakaa chini kwenye mkeka, akamuuliza, "Mama Dorine, panauma wapi?" Akamjibu, "Umechelewa kuuliza, Baba Dorine. Lakini kaa." Akakaa, na hakuondoka tena kwenye mkeka ule.

Marehemu Walburga alifariki dunia tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, hapa nyumbani Bombambili, baada ya kupokea sakramenti ya mpako wa wagonjwa, na baada ya kuugua saratani ya titi kwa miaka mitatu na miezi minne, ambayo karibu miwili aliugua peke yake katikati yetu. Ameacha mume, watoto wawili na mama mzazi.

Jana jioni, wakati kina mama wanaosha masufuria, Mwalimu Amedeus na wenzake wawili walimwita Otto pembeni, wakamsihi kwa lugha nzuri aandike tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, Neno lisitiwe aibu. Otto alitaka kukubali, kwa heshima ya wakubwa na kwa kuchoka. Mama Lidwina aliyasikia pale alipokaa. Akasema, "Huyu nilimzaa kwa uchungu nikapiga kelele kijiji kizima kikasikia, na hamkuwepo mkaniambia nifute. Otto, soma." Ndiyo maana mmesomewa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Peramiho na wa Dar es Salaam, waliomwambia ukweli bila kumdharau, inamshukuru Baba Paroko, mafundi wa Mfaranyaki waliomaliza nguo za wateja wake bila kudai chochote, na majirani wote wa Bombambili. Inamshukuru Mwanaheri, na hapa Otto ameandika maneno mengi akayakata yote, hakuna lililotosha. Inawashukuru pia wanakikundi wa Mlango Wazi kwa maturubai na viti, vimetusaidia sana, mtavikuta vimehesabiwa pale uani, na inawaomba, kama tunavyojiomba sisi wenyewe tuliopiga makofi pamoja nanyi, jambo moja, yupo mwingine kati yetu leo aliyeficha kitu chini ya nguo, mkimsikia anaanza kusema, mwacheni amalize.

Walburga, dada, umesema uliumwa, na Songea imesikia. Hakuna kauli ya kufuta. Sasa pumzika, kwa amani ambayo hakuna mtu atakayekulazimisha kuikiri.