Alikowapeleka Wachumba: Maisha ya Dada Yetu Mpiga Picha

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake, na ninyi nyote mliofunga shughuli zenu leo Jumatatu ili mje kutusaidia kumsindikiza dada yetu, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, nami nimeipokea bila kusita, kwa kuwa ni maisha yasiyohitaji kuongezewa chumvi, na kwa kuwa marehemu mwenyewe hakupenda watu wa kupambapamba maneno. Nitayasema yalivyokuwa, pamoja na yale tuliyogombania.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, katika zahanati ya mtaa wa bandarini, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano, baba yetu akiwa karani wa ghala na mama yetu mshonaji wa nguo za watoto. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nyuma, na kwenye dirisha la jiko hilo bahari ilionekana kidogo tu katikati ya kuta mbili za majirani, naye alikuwa akisimama hapo na sahani chafu mkononi hadi mama amuulize kama sahani hiyo anaiosha kwa macho.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971 akamaliza mwaka 1977, kisha akasoma sekondari ya wasichana kuanzia Januari 1978 hadi Novemba 1981. Hakuwa wa kwanza darasani wala hakushika mkia, ila mwalimu wake wa historia, ambaye tulimzika miaka iliyopita, aliwahi kutusimulia kwamba kila alipotaja vita au mkataba, mtoto huyu alinyoosha mkono na kuuliza, "Ilitokea wapi hasa?", na akijibiwa jina la mji hakuridhika, alitaka kujua ni mtaa gani na walikuwa wamesimama upande upi.

Februari 1982 aliajiriwa katika studio ya picha ya mtaa wa soko, mali ya mzee tuliyemwita Bwana Pazia, kwa sababu fahari yake yote ilikuwa pazia lililochorwa bahari, meli nyeupe na minazi miwili iliyoinama. Wachumba wa mji mzima walisimama mbele ya pazia lile, wakanyooshwa mabega, wakaambiwa wasipepese macho, hali bahari yenyewe ilikuwa mitaa miwili tu nyuma ya studio. Dada alianza kwa kufagia, akafundishwa kutia filamu na kuisafisha gizani, na ilipofika mwaka 1985 alikuwa anapiga picha mwenyewe, na alipiga vizuri, ila moyo haukutulia.

Siku moja mwaka 1988 aliingia binti aliyechumbiwa, akalitazama pazia juu hadi chini, akasema, "Dada, hii bahari mbona haina hata harufu?" Binti alicheka, mchumba wake akacheka, na dada yetu, badala ya kuwatuliza kama alivyofundishwa, akacheka kuwashinda wote, kisha akawauliza walionana wapi kwa mara ya kwanza, wakamtajia ngazi za zege zinazoshuka majini nyuma ya soko, ambako yule kijana alimpokea binti kapu lake akakataa kulirudisha hadi aambiwe jina. Dada alichukua kamera akawapeleka kwenye ngazi hizo. Bwana Pazia alipoiona ile picha alikubali kwamba ni nzuri, kisha akamtaka achague kati ya pazia na mlango, naye akachagua mlango. Hawakuachana kwa ubaya, maana miaka saba baadaye mzee huyo alimleta binti yake mwenyewe kwa dada, akakaa pembeni amenuna, na picha zilipotoka akaagiza kubwa ya kutundika sebuleni.

Kuanzia Mei 1989 dada alijiajiri, kwa kamera moja ya mtumba na chumba kimoja cha kupanga juu ya duka la vioo, na hapo ndipo alipoanza utaratibu wake ambao wengi wenu hapa mliupitia. Hakukubali kumpiga mchumba yeyote picha mahali palipo pazuri tu. Ilibidi mumpeleke pale pwani palipotokea jambo lenu, penye mchanga au penye matope, iwe ni mlango wa soko la samaki au ukuta wa mamlaka ya maji, mkifika mnasimama na kumweleza kilichotokea, na yeye kamera ameining'iniza, anasema "Subirini, subirini", anawaacha muanze kubishana ni nani alianza kumsemesha mwenzake, na katika ubishi huo, mkiwa mmeshamsahau, ndipo mnasikia mlio wa kamera. Kwa hiyo akaitwa Mama Subirini, na jina hilo lilimpata kabla hajawa mama wa mtu.

Mimi nilikuwa naye na ugomvi wa miaka mingi juu ya utaratibu huu, kwa sababu nilishona suti na yeye akazipeleka baharini. Kuna wachumba waliomwambia kwamba mapenzi yao yalianza siku gari lilipokwama kwenye mchanga maji yakiwa yanajaa, basi akawatafutia gari, akasubiri maji yajae, akawaambia walisukume, na suruali niliyoifanyia kazi wiki nzima ikarudi kwangu ina chumvi hadi mapajani. Kuna mwingine aliyetoa posa kwa mdomo wake nje ya lango la bandari, akafukuzwa na mlinzi kabla hajajibiwa, na dada akaenda kumtafuta mlinzi yule yule, amekwisha kustaafu, akamsimamisha langoni kwenye picha akiwa ameinua rungu, na mlinzi huyo alikaa meza ya mbele siku ya harusi. Nilimwambia dada anachezea kazi za watu, naye akanijibu kwamba suti hufuliwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudisha picha yake kwa dada, na suti mbili tatu mimi nimerudishiwa.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa mafriji, ambaye ameketi hapa mbele yenu, na ambaye aliitwa kutengeneza friji ya kuhifadhia filamu, akaitengeneza, kisha akarudi wiki iliyofuata kuikagua, na wiki iliyofuata tena, hadi dada akamwambia friji haina ugonjwa, labda mgonjwa ni fundi. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume aliyezaliwa Aprili 1993 ambaye ni mchomeleaji vyuma, wa pili wa kiume aliyezaliwa Agosti 1995 ambaye ni mfamasia, na kitinda mimba wao, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1998, ambaye ni mhasibu. Wavulana wote wawili dada aliwapiga picha za uchumba kwa mkono wake, na kwa utaratibu ule ule, bila upendeleo.

Mwaka 2021 alianza kuvimba miguu na kuchoka mapema, akapimwa, ikaonekana figo zimeshindwa, na kuanzia Machi 2022 akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali ile iliyopakana na bahari. Binti yake ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Ndugu hawakuruhusiwa kupita mlango wa chumba cha mashine, hivyo wakati mama yuko ndani, binti alikaa nje saa zote hizo, nyuma ya jengo, kwenye benchi la saruji linalotazama maji. Ilipofika katikati ya mwaka 2024 daktari alitueleza waziwazi kwamba moyo nao umechoka, na tangu siku hiyo dada alikuwa na ombi moja tu, wala hakulificha, kwamba binti huyu aliyebaki apate mwenzake, na yeye awahi kuwapiga picha kabla hajaondoka.

Januari 2025 binti alimleta nyumbani kijana wake, mwalimu wa fizikia, wakatuambia kwamba walikutana kwenye mafunzo ya kompyuta, na kwamba mahali pao ni ufuko wa kaskazini mwa mji, ule wenye mchanga mweupe, walikotembea siku ya kwanza. Harusi ikapangwa Jumamosi tarehe 14 Juni. Jumamosi ya tarehe 8 Machi tukampeleka dada kwenye ufuko huo katika kiti cha magurudumu, shemeji na mimi tukiwa tumetandika mbao mchangani ili kiti kisizame, na hali ya hewa ilikuwa nzuri, na wachumba walipendeza, na suti niliyoishona, naomba isemwe, ilimkaa kijana vizuri. Dada akawaambia wasimulie, wakasimulia, akasema subirini, akasubiri. Akawasogeza. Akasubiri tena. Kisha akaiweka kamera mapajani, akasema turudi, na ndani ya gari akaniambia, si kwa kunong'ona, "Mdogo wangu, nimekwisha. Nawatazama na siwaoni." Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akitilia shaka jicho lake, na niliumia kuliko nilivyoumia siku daktari alipotueleza habari za moyo.

Binti naye alisikia. Tulipofika sebuleni hakukaa, alisimama karibu na mlango akiwa bado na viatu mkononi, akasema, "Mama, macho yako ni mazima. Pale hapakutokea kitu." Hakukuwa na mafunzo yoyote ya kompyuta. Walikutana kwenye lile benchi la saruji nyuma ya hospitali, kwa kuwa kijana alikuwa akimleta shangazi yake siku zile zile, na shangazi huyo ndiye aliyelala kitanda cha dirishani, jirani wa dada yetu kwenye mashine, ambaye alifariki Septemba 2024 na dada akamlilia kama ndugu wa damu. Kule ndani wawili hao walikuwa wanateseka, na kule nje vijana wao walikuwa wanamenyeana machungwa na kucheka, na binti aliona aibu, akajiuliza atamwambiaje mama yake kwamba siku ambazo mama aliumwa zaidi ndizo siku ambazo yeye binti alikuwa anazingoja kwa hamu.

Dada akaanza kucheka hadi shemeji akamletea maji. Alisema, "Yule mama kila siku ananisifia mtoto wa kaka yake, jinsi anavyomjali, jinsi alivyo na adabu, hadi nikawa najifanya nimelala. Kumbe mwaka mzima nasifiwa mkwe wangu mwenyewe." Kisha akamwita binti akae karibu, akamwambia kwamba kila alipofungwa kwenye mashine ile hakuwa akiomba apone, hilo alikuwa ameshalielewa, alikuwa akiomba mwanawe asiwe peke yake huko nje, na sasa anaambiwa kwamba hakuwa peke yake.

Jumanne ya tarehe 11 Machi, alipotoka kwenye mashine, muuguzi mmoja akamsukuma kiti hadi nyuma ya jengo. Benchi lenyewe lina ufa, nyuma yake kuna kamba za mashuka ya hospitali, na bahari siku hiyo ilikuwa ya kijivu na maji yamekupwa, limebaki tope. Wachumba walikaa, kijana akasema yeye ndiye aliyetangulia kuketi pale, binti akasema si kweli, kijana alimkuta yeye binti tayari ameweka mkoba, kijana akasema mkoba ulikuwa katikati ya benchi kana kwamba ni wa mtu mnene, na dada akapiga. Alipiga picha chache, akamkabidhi shemeji kamera, akasema, "Nimewaona." Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho, na wanaojua kazi hii wanasema ni nzuri kuliko zote, nami siwapingi.

Mwanzoni mwa Mei hali yake ilibadilika, akalazwa tarehe 12, akaendelea kuwa na akili timamu na maneno yake, na asubuhi ya Ijumaa tarehe 23 Mei 2025, akiwa na mumewe na watoto wake wote watatu, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na sisi ndugu zake watatu tuliobaki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao baadhi yao wamekuja hapa wakitoka zamu bila kulala, inawashukuru majirani waliopika na kulala sakafuni kwetu tangu Ijumaa, inawashukuru wapiga picha wenzake waliokubali ombi letu la kuziacha kamera nyumbani leo, na wachumba wake wa zamani, ambao nikiwatazama kutoka hapa naona wengi wamekuja wawili wawili, na wachache wamekuja mmoja mmoja, nao tunawapa pole mara mbili.

Limebaki tangazo moja. Juzi kikao cha familia kilikaa kuhusu harusi, na wengi wetu, mimi nikiwa msemaji wao, tulitaka iahirishwe mwaka mmoja, kwa heshima ya marehemu. Binti alikuwa amekubali. Shemeji akatusikiliza hadi mwisho, kisha akatuambia kwamba siku mbili kabla ya kufariki mkewe alimshika mkono akamwagiza hivi, "Mwanangu alikataa kufurahi mbele yangu kwa sababu naumwa, nikamwambia nimefurahi naye. Nikifa mtamrudisha pale pale. Msimrudishe." Nikaiondoa hoja yetu. Kwa hiyo, kwa niaba ya familia, nawatangazia kwamba tarehe 14 Juni, saa nane mchana, ninyi nyote mliokuja hapa mmealikwa, na mikono hii iliyoshika majembe leo tutaihitaji kupiga makofi.

Pumzika kwa amani, dada yetu. Harusi iko pale pale.