Valerian Kasmiri, Mtu Asiyepigiwa Makofi

Ndugu Valerian Kasmiri, mchoraji na mwandishi wa vijitabu katika ofisi yetu ya elimu ya watu wazima hapa Manundu, Korogwe, amestaafu jana, Jumapili tarehe 30 Juni 1985, baada ya kulitumikia taifa kwa miaka ishirini na mitatu. Wengi wameuliza kwa nini sherehe ya kumuaga haikufanywa Ijumaa alasiri kama ilivyo desturi yetu, ikasogezwa mpaka leo Jumatatu, siku ambayo kila mtu ana shughuli zake. Aliyeomba ni yeye mwenyewe. Sababu yake nitaieleza, lakini sitaanza nayo, kwa kuwa asiyemjua mtu huyu ataiona kichekesho.

Alizaliwa mwaka 1930 katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge kule Ngombezi. Baba yake alikuwa mkata mkonge aliyetoka Songea na hakurudi tena kwao. Mama yake, marehemu Bibi Grasiana, alizoea kutusimulia kwamba mtoto alikaribia miaka saba bila kutamka neno, na siku alipotamka hakusema mama wala baba. Alisema korona, jina ambalo watu wa kiwandani huiita mashine ya kusaga mkonge. Bibi Grasiana alicheka kila alipofika hapo. Walimpeleka kwa padri, wakampeleka na kwa mganga, akaombewa na kufukizwa, akabaki vilevile: hamtazami mtu usoni, anaziba masikio treni ikipita, na anachora kwa mkaa kwenye kila ukuta wa kambi. Jina la hali yake hatukuwa nalo, na mpaka leo hatunalo. Wako waliompa majina ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi ya sherehe. Sisi ofisini tulisema ndivyo alivyo, yakaisha.

Aliajiriwa mwaka 1962, bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya na kila kona inataka darasa la watu wazima. Ofisi ilihitaji mtu wa kuchora mabango ya kampeni. Kazi ya kwanza ilikuwa bango la ufugaji bora, na bwana mifugo wa wakati huo alitaka ng'ombe mnene anayemeremeta. Valerian alichora ng'ombe wa Handeni wa mwezi wa kumi, mbavu zote nje. Aliambiwa ampake nyama kidogo, akajibu kwamba ng'ombe mnene wa namna hiyo hajawahi kumwona. Bango likapelekwa mnadani Handeni hivyo hivyo, bwana mifugo akiona aibu njia nzima. Mfugaji wa kwanza kulitazama alishika kiuno akauliza, "Jamani, huyu ng'ombe wangu mmemtoa wapi?" Watu walicheka, wakakusanyika, na bwana mifugo akapata wasikilizaji ambao hakuwahi kuwapata maishani.

Vituko vyake ofisini ni vingi. Mama yake alimfundisha kwamba shikamoo ni ya wakubwa, na yeye akaamua peke yake kwamba mkubwa ni mtu mwenye miwani. Afisa mmoja kijana, ametoka chuoni juzi, alipewa shikamoo kila asubuhi na mtu mwenye umri wa baba yake, mpaka akaanza kusoma majalada bila miwani, macho kayabana. Mimi nilivaa miwani mwaka juzi tu. Shikamoo yangu nimeipata kwa kuchelewa, na sikuikataa hata siku moja.

Lakini kilichompa jina Korogwe na Handeni nzima ni mazungumzo yake. Mwaka 1966 aliandika kijitabu alichokiita *Mtoto Wangu Haniangalii*, tukakitoa kwa mashine ya kurudufu, naye akaanza kuzunguka nacho madarasani. Alibeba kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe, kipana kama ukuta, ambacho alikuwa amechora juu yake soko la Manundu mara mbili. Kushoto lilikuwa soko kama tulionavyo sisi, mafungu ya nyanya, makuli, wateja. Kulia lilikuwa soko kama alisikiavyo yeye. Huko nzi alikuwa mkubwa sawa na lori, mfuniko wa sufuria ulioanguka ulikuwa mpana kuliko paa la stesheni, na midomo yote ilikuwa wazi, hakuna hata mmoja uliokuwa mbali.

Akishamaliza kukikunjua aliwagawa wasikilizaji. Hawa wawe wauza dagaa, wale makuli, huku treni, kina mama wawe watoto wanaolia. Akinyanyua mkono, wote walipiga kelele kwa pamoja, naye aliwaacha mpaka wenyewe wakaanza kuziba masikio. Mkono ukishuka, kimya. Hapo ndipo aliposema, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, macho yakiwa kwenye ukingo wa meza: "Hivi ndivyo ninavyosikia mimi kila siku. Mtoto wako akiziba masikio, usimpige. Siyo kiburi. Anatafuta mlango wa kutokea." Nimeuona mchezo huo sijui mara ngapi, na kila mara nilisikia watu wakipumua.

Waliomuuliza anaivumiliaje kelele hiyo aliwajibu kwamba kelele ambayo mwisho wake uko mkononi mwake haimuumizi. Inayomuumiza ni ile asiyojua itakoma lini, na mbaya kuliko zote ni makofi. Kwa hiyo tukaweka utaratibu. Dereva wetu, Ndugu Simeo, alitangulia na Landrova kila mahali, akawaambia wenyeji kabla Valerian hajafika: huyu jamani hapigiwi makofi, hata kama amewafurahisha vipi.

Kule Kwashemshi utaratibu huo ulizaa jambo zuri. Mazungumzo yalipokwisha, watu walikaa hawajui mikono waifanyie nini. Mbele kabisa alikuwa Bibi Chausiku, mwanafunzi wa darasa la watu wazima, ambaye binti yake Mwantumu hakuwa anasema, na ambaye kila alipokwenda shamba alimfunga mtoto huyo kamba mguuni, akaifunga kamba kwenye kitanda. Alilisema hilo waziwazi mbele ya watu, analia. Kisha alikinyanyua kibao chake cha kuandikia juu ya kichwa, akakishikilia hapo. Darasa zima likanyanyua vibao. Valerian, ambaye hamtazami mtu usoni, alivitazama vibao vyote kimoja baada ya kingine bila haraka, akamwambia mzee mmoja kwamba chake kimepinduka, akakunja kitambaa chake akaondoka anatabasamu. Tangu siku hiyo popote alipokwenda watu walinyanyua vibao. Na Mwantumu hakufungwa tena.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Mwaka 1974, vijiji vya ujamaa vinaanzishwa kila upande, Valerian aliitwa kuzungumza katika kijiji kipya upande wa Handeni, mbele ya mgeni rasmi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Simeo alitangulia kama kawaida, Landrova ikazama kwenye matope, na Valerian aliyepanda lori la mgeni kwa njia nyingine akafika kabla yake. Wanakijiji hawakuwa wameambiwa lolote. Walichokuwa wamesikia ni kwamba anakuja yule baba wa picha, nao kwa kumpenda walikuwa wamefanya mazoezi wiki nzima ya makofi ya kilo, yale ya kupigwa na wote kwa mpigo mmoja, na ngoma nyuma yake.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko siku zote. Alipomaliza, kiongozi wa shughuli alitoa ishara, na kijiji kizima kikampa heshima kubwa kuliko zote kilizokuwa nazo. Valerian alishika masikio, akawapa watu mgongo, akakandamiza uso kwenye kitambaa chake na kuanza kuguna kwa nguvu. Watu wakadhani amezidiwa na furaha. Wakaongeza. Mgeni rasmi alisimama akanyoosha mkono ampongeze, na mkono ule ukabaki hewani, kwa sababu Valerian alikuwa ameshuka jukwaani na kushika njia ya Korogwe kwa miguu, kwenye mvua, bila kitambaa chake. Simeo alikutana naye barabarani, amelowa chapachapa, anahesabu nguzo za simu kwa sauti.

Hakuna aliyekosea kwa ubaya siku ile. Watu walimpa kilicho bora kwao, naye hakuwa na namna ya kukipokea. Ila mkono wa mkubwa ukishabaki hewani lazima apatikane wa kulaumiwa. Ilisemwa ameonyesha dharau mbele ya umma. Mkubwa mmoja wa ofisi yetu, ambaye sasa ni marehemu na sitamtaja, alimwita na kumwamuru asisimame tena jukwaani maadamu ni mfanyakazi wa ofisi hii. Valerian alijibu ndiyo, akarudi stoo, akachukua brashi.

Miaka kumi na mmoja amechora vibao vya barabarani. Ukisafiri kutoka Korogwe kwenda Handeni ukaona kibao ambacho herufi zake zimenyooka kama zimepimwa kwa pimamaji, hicho ni chake. Kazi ni nzuri, sisemi. Lakini kila nilipomwona amechuchumaa stoo anaandika PUNGUZA MWENDO, niliumia. Kitambaa cha soko tulikwenda kukitafuta baadaye, tukakikuta kimekuwa pazia la duka la ushirika, nusu ya kulia imekatwa na haijulikani ilipo. Na watu hawakuacha kumuulizia. Bibi Chausiku alishuka kutoka Kwashemshi kila mwaka baada ya mavuno, na maharage ya ofisi ndani ya kapu, akauliza pale mapokezi, "Baba wa picha ataongea lini? Kule kwetu wako watoto wengine." Akajibiwa bado, mama. Mwaka 1982 hakuja, tukasikia amefariki. Watoto wale wengine wako wapi sasa, na nani amewafungua kamba, mimi sijui, na jambo hilo haliniondoki.

Mtauliza kwa nini amri haikufutwa. Ilijaribiwa. Yule mkubwa alihamishwa, akaja mwingine muungwana, akamwita Valerian na kumwambia yaliyopita si ndwele, arudi jukwaani. Valerian alisema amri ni ya yule aliyeitoa, na aifute yeye. Tulipopanga kwenda kumwona huko alikohamia, alikuwa ameshafariki. Tangu hapo tulibembeleza, tulifoka, tulimtuma padri, tukamtuma na shehe. Ndugu Valerian si mkaidi. Aliambiwa neno, akalishika lilivyo, na sisi tunaozoea kuyapindapinda maneno tulikosa la kumwambia.

Mwezi uliopita nilimpelekea habari za sherehe ya Ijumaa. Aliusikiliza mpango wote akitazama kikombe changu, akaniomba nimrudie lile neno alilosema mkubwa siku ile. Nikalirudia: maadamu ni mfanyakazi wa ofisi hii. Akasema Ijumaa atakuwa bado mfanyakazi, na Jumapili pia. Jumatatu hatakuwa. Kwa hiyo Jumatatu ataongea. Kisha akaendelea kukoroga rangi. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, na wenzangu walionikuta hapo walidhani nimefiwa.

Hiyo ndiyo sababu ya leo. Ametumika miaka ishirini na mitatu, na mazungumzo yake ya kwanza baada ya kimya hiki kirefu anayatoa akiwa siyo wetu tena. Ni furaha, lakini ni furaha iliyokuja imechoka. Tungeweza kuwa naye jukwaani miaka hiyo yote, na hatukuwa naye.

Kitambaa kipya hakuchora. Nyuma ya karatasi hii mtaona picha aliyoitengeneza kwa ajili ya leo: soko la Manundu limefungwa, vichanja vitupu, paka mmoja amelala. Anasema hilo ndilo soko kama angependa kulisikia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzangu namshukuru kwa kila herufi na kila ubavu wa ng'ombe. Ndugu Valerian, rudi salama kwako Ngombezi, chai yako uinywe barazani peke yako kama upendavyo, na Mungu akujalie majirani wasio na redio. Siku zako zilizobaki ziwe na amani ambayo ofisi hii ilichelewa kukupa.

Sasa ninyi wageni. Ngoma haipo, na vigelegele tafadhali viacheni nyumbani. Ndugu Simeo yuko mlangoni anamwambia kila anayeingia, na kwa taarifa yenu ameshinda hapa Manundu tangu juzi, kwa miguu, asije akakwama. Mbele kabisa, mwenye kanga ya kijani, ni Mwantumu binti Chausiku, ambaye sasa ni mwanamke mzima anayesuka mikeka inayogombewa sokoni. Hasemi, lakini amekuja na kibao cha mama yake, na anajua la kufanya. Mfuateni yeye. Valerian akimaliza, nyanyua karatasi hii juu ya kichwa, picha imwelekee, ukae kimya. Atazitazama moja moja mpaka ya mwisho, wala hataharakisha. Mkono wako ukichoka, nyanyua wa pili.

Hajira Mhina