Heri Niitwe Jeuri Kuliko Kipofu

Wanajumuiya wenzangu, tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, nami nimekubali kwa adabu tu, maana habari yenyewe ilinichukua miaka miwili. Atanisamehe. Na nyinyi akina mama mnaocheka huko nyuma, hata sijaanza.

Mnanijua. Ni mkulima wa kahawa na migomba kama nyinyi, na katika ukoo wetu mimi ndiye ninayeshika kisu. Kwa mlioolewa huku juzijuzi nieleze kidogo. Kwetu tukichinja, nyama haigawanywi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha kaka mkubwa, shingo ina wenyewe, mgongo una wenyewe, na mgawaji akikosea amemtukana mtu mbele ya ukoo mzima. Kazi hiyo nilipewa na marehemu baba nikiwa kijana. Niliipenda, tena niliringa nayo, na hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa.

Macho yalianza polepole. Kwanza nilihisi kama moshi wa jikoni umebaki machoni, nikamlaumu mama watoto kwa kuni mbichi. Halafu taa za pikipiki zikawa zinaniumiza. Nikaenda zahanati, mganga akanimulika, akasema, "Mzee, una mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nenda mjini ukafanyiwe upasuaji." Nikamjibu kwamba watoto ninao saba na wananitosha. Alicheka. Mimi nilikuwa najikaza tu, maana neno upasuaji lilinitisha.

Niwaambie ukweli, ndugu zangu. Nimechinja mbuzi na ng'ombe maisha yangu yote, lakini kisu kikigeukia upande wangu mimi ni mwoga kuliko kuku. Sikumwambia mtu nyumbani. Kilabuni kuna mmoja aliniambia mtoto wa jicho sharti akomae kwanza, akitolewa mbichi anarudi. Nilifurahi sana! Mkulima wa kahawa ukimwambia subiri iive, anakuelewa. Mwingine akanishauri asali. Nikatia asali machoni, nikalia siku nzima, na nyuki wakanifuata hadi bandani. Msicheke sana, wapo humu waliotia vibaya zaidi.

Ikafika Desemba. Ukoo ulipanda nyumbani kama kawaida, wa Dar, wa Arusha, wote. Tukachinja. Nilikata kwa mazoea, maana mikono inajua njia, nikavipanga viungo kwenye majani ya mgomba. Nikachukua kidari, nikaenda pale kaka mkubwa anapokaa siku zote, nikamkabidhi mtu mwenye kofia, kwa mikono miwili na maneno yake yote ya heshima. Yule hakuwa kaka. Alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake, aliyekaa pale kidogo tu afunge kamba za viatu. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu.

Mnajua maana yake. Kumpa mwingine kidari na mkubwa yu hai ni kumwambia mkubwa kwamba amekwisha.

Kaka akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, umekosea au umekusudia?" Neno moja lingetosha: kaka, sioni. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na nilijua nikisema sioni, kisu kitatoka mkononi mwangu siku hiyohiyo. Nikajibu, "Nimempa niliyetaka kumpa." Moyoni nilisema heri niitwe jeuri kuliko kipofu. Kaka alichukua fimbo yake akaondoka bila kuonja kitu.

Baada ya hapo hatukusalimiana. Mimi niliingia shambani kupogoa kahawa, nikafyeka matawi ya kuzaa, nikaacha maotea yasiyozaa kitu. Kwaresima ikaisha, Pasaka ikapita. Kanisani, wakati wa kupeana amani, kaka alikuwa ananyoosha mkono upande mwingine. Au labda alininyooshea mimi, nami sikuuona. Hilo linaniuma hadi leo.

Asubuhi moja mama watoto aliniletea chai. Nilikuwa nalalamika kwamba kaka ana moyo mgumu. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Baba watoto, mwaka wa pili huu nakuwekea kikombe mkono wako wa kulia, kila siku palepale. Ulidhani ni heshima?" Akatoka, akaenda mpakani mwa shamba, akarudi na jani la isale, akaniwekea kiganjani. "Peleka," alisema.

Isale mnalijua, lile jani refu tunalolipanda mipakani. Anayeletewa isale hakatai kusamehe, ni mwiko. Kwa kawaida hutumwa mtu alipeleke. Nilipomtajia hilo mama watoto alisema, "Aliyetukana aende mwenyewe."

Alinishika mkono hadi tukavuka mfereji. Nilipofika uwanjani kwa kaka nikamwambia aniache niingie peke yangu, nisionekane naongozwa kama ndama. Kiburi bado kilikuwepo, mnaona. Nikamwona kaka amesimama mlangoni pake. Nikapiga magoti, nikanyoosha isale kwa mikono miwili. "Shikamoo, kaka. Nimekosa." Kimya. Nikasema tena, nikaeleza yote, kidari, jeuri yangu, aibu yangu. Kimya. Nikaanza kulia, nikajua amevunja mwiko, amenikataa kabisa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu, upande wa banda la ng'ombe. "Marahaba, mdogo wangu. Hilo ni koti langu."

Chekeni tu, hata mimi nacheka sasa. Siku ile hakuna aliyecheka. Kaka aliweka ndoo chini, akaja, akalipokea isale, akanishika uso kwa mikono yake inayonuka majani ya ng'ombe.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili."

"Hata siku ya kidari?"

"Hata siku ya kidari."

"Sasa mbe, mdogo wangu, mbona hukusema?"

"Naogopa kisu, kaka. Nimeambiwa nipasuliwe."

Akaniinua kutoka magotini. Kisha akasema, "Isale lako nimelipokea, yamekwisha. Kesho kutwa tunashuka mjini, mimi na wewe." Mtu akishakusamehe hivyo, utamkatalia nini?

Kule kwenye hospitali ya macho tulipokewa na muuguzi mmoja, mama wa mjini mwenye hijabu na subira nyingi. Baada ya vipimo akaniuliza, "Babu, una swali?" Nikamwambia ninayo mengi, avute kiti.

Nikaanza na lile lililoninyima usingizi. "Jicho mnalitoa nje mkaliweka kwenye bakuli?" Maana ndivyo nilivyosikia. Akasema, "Hapana, babu, jicho halitoki mahali pake hata kidogo. Ndani yake kuna lenzi, kama kioo kidogo, ndicho kilichoingia ukungu. Daktari anafungua mlango mdogo sana, anatoa kilichochafuka, anaweka kipya." Na hicho kipya kitachakaa lini? Akasema kitakaa mle siku zangu zote. Nikipepesa je? Wana kifaa cha kushikilia kope. Nikikohoa? "Sema kabla, daktari atasimama akusubiri." Nikauliza kama nitalala usingizi. Akasema nitakuwa macho, nitachomwa sindano ya ganzi, nitaona mwanga na kuwasikia wakizungumza. Kaka akadakia, "Basi na wewe usianze kuwapigia hadithi."

Nikauliza kama mtoto wa jicho husubiriwa akomae, kama kahawa. Muuguzi akatikisa kichwa. "Babu, huyo si kahawa. Akikomaa sana anakuwa mgumu, na kazi ya kumtoa inakuwa kubwa zaidi." Nikauliza kama watafanya macho yote kwa mpigo, akasema moja kwanza, la pili baadaye. Kama nitaruhusiwa kunywa mbege, hilo aliuliza kaka. Alijibiwa kwamba mlevi huanguka, na anayeanguka huumiza jicho.

Langu la mwisho nililiuliza kwa sauti ya chini. "Na nikitoka kipofu kabisa?" Hakunidanganya. Alisema, "Sitakuapia, babu. Kila upasuaji una hatari yake, ndiyo maana tunakupima kwanza na kukupa masharti. Wengi wanatoka wanaona vizuri kuliko walivyoingia. Lakini ukibaki hivi, hilo unaloliogopa linakuja lenyewe." Nikamwambia niandikeni.

Sindano iliuma kidogo, kama ya jino. Baada ya hapo nilihisi kuguswaguswa tu, na maji yakinitiririka shavuni. Nilianza rozari kimoyomoyo, na kabla sijaimaliza wakasema tayari. Wakanifunga jicho hadi kesho yake asubuhi.

Sasa mnangoja niseme bandeji ilipofunguliwa niliona Mlima. Mlima siku hiyo ulijifunika mawingu kama desturi yake. Nilichokiona ni kaka yangu. Kichwani mwangu alikuwa bado na mvi chache. Niliona mzee, mashavu yameingia ndani, nywele nyeupe zote, kola ya shati imegeuzwa na kushonwa upya. Amezeeka mbele yangu nami sikuona, na miezi yote ile nilimnyima hata salamu. Nililia kwa huzuni na kwa furaha, na muuguzi akanigombeza nisifute jicho kwa mkono.

Masharti niliyashika. Dawa ya matone kwa saa zake, nisibebe mkungu wa ndizi, nisikae jikoni kwenye moshi, nisiingie vumbini. Na nisiwapambie: herufi ndogo za dawa bado nazisoma kwa miwani. Lakini kuliona shavu la mama watoto sihitaji miwani. Ana kishimo hapa, nilikuwa nimekisahau.

Namshukuru yeye, na kaka, na yule muuguzi popote alipo. Aika, asanteni. Nilichojifunza ni kidogo: watu hawakunichukia kwa kutoona, walinichukia kwa jeuri niliyofunikia upofu wangu. Sema huoni. Na ukifika kwa daktari uliza yote, hata lile unaloliona la kijinga, wao wameshalisikia.

Jicho la kushoto bado. Alhamisi nashuka tena mjini, na bado naogopa, sitawadanganya.

Neno moja nikae. Leo tulipokuwa tunaimba wimbo wa mwanzo, nilimwona mmoja wetu humu ameshika kitabu cha nyimbo juu chini, na midomo inakwenda sawasawa na ya wenzake. Msigeuke kutazamana! Simtaji leo wala kesho. Ndugu yangu, Alhamisi saa moja asubuhi nitakuwa njia panda. Huna haja ya kunieleza kitu. Njoo tu usimame karibu nami, tutaogopa pamoja njia nzima.