Neno Lililopungua Kwenye Faili la Baba Upendo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu kidogo, maana leo nimekuja kujivuna. Namjivunia Bwana, na naijivunia kazi aliyonipa.

Hapa usharikani mnaniita Mama Upendo wa hospitali. Mlidhani mimi nesi, mkaniletea watoto wenye homa, mkashangaa sijui hata kuchoma sindano. Mimi ni wa masjala. Mgonjwa akiruhusiwa, faili lake linashuka kwangu, nasoma alichoandika daktari, naandika namba ya ugonjwa kwenye jalada. Kila ugonjwa una namba yake. Shemeji yangu Anaeli akaniita "karani wa namba", na watu wakacheka huku wanakunywa mbege. Iliniuma, sitaficha.

Bei ya kahawa ilipoporomoka, mume wangu alianza kubeba mizigo ya watalii mlimani. Safari ya tatu wenzake walimshusha hoi, ameharisha na kutapika siku mbili. Akalazwa pale kwetu Moshi. Kesho yake mkojo ukakata kabisa, uso ukavimba. Anaeli akauliza wodini, akapanda Marangu na neno moja kwa ukoo: figo zimekufa.

Ndugu zangu, mnajua ukoo ukisikia "zimekufa". Wazee wakaamua arudishwe afie nyumbani. Anaeli akaanza kufyeka mahali kihambani, kwenye migomba ya ukoo, karibu na kaburi la baba yao. Mtu anapumua, na jembe limeshashikwa! Na mimi nilikubali. Nililia, nikakubali.

Basi faili likashuka masjala lifungwe. Mwenzangu alitaka kunisaidia, nikamwambia la mume wangu nalifunga mwenyewe. Nikafungua. Daktari aliyempokea alikuwa ameandika kwamba figo zimeshindwa kufanya kazi, akaishia hapo. Sasa sikilizeni. Figo zilizoshindwa ghafla ni kumi na saba. Zilizochoka taratibu kwa muda mrefu ni kumi na nane. Daktari asiposema ni zipi, unaandika kumi na tisa, na mimi namba hiyo naiita ya uvivu. Sijawahi kuiandika kabla ya kumwuliza daktari. Wala si utakatifu, ni ubishi tu. Siku ile nilikuwa nimechoka, kalamu ikaelekea kwenye tisa, na mkono ukagoma. Huo mkono si wangu, ndugu zangu, ni wa Bwana!

Nikapanda wodini. Nikamkuta daktari mwingine, mzee, ndiyo kwanza ameingia zamu.

"Shikamoo daktari. Hapa kuna neno limepungua. Ni ghafla, au ni za siku nyingi?"

Akaniuliza mgonjwa alikuwaje kabla ya hapo. Nikamwambia wiki iliyopita alipanda mlima na mzigo kichwani, hajawahi kuumwa hata mgongo. Akalisoma faili upya, akachukua kalamu, akaongeza: ghafla.

"Mama, hizi hazijafa," akasema. "Zimesimama kwa kuishiwa maji. Nani kasema aondoke?"

Nikashuka getini. Wazee walikuwa wameshafika na pikapu ya kukodi, godoro limetandikwa nyuma. Niliwaamkia wote kwa heshima, kisha nikawaambia kumi na saba haipelekwi kihambani. Anaeli akaniuliza mimi ni nani hata niamue juu ya mtoto wa ukoo.

"Mimi ni karani wa namba, shemeji," nikamjibu.

Pikapu ikarudi Marangu na godoro tupu.

Ikawa ni dripu, ni kupima kila tone linaloingia na linalotoka, ila hakuna lililotoka. Hata ndizi alikatazwa. Mchaga kukatazwa ndizi, jamani! Siku ya sita akakojoa. Nesi akaniinulia chupa nione, nami nikapiga magoti palepale wodini nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mkojo. Chekeni tu. Aliporuhusiwa, jalada nililiandika mimi: kumi na saba, amepona.

Anaeli alikuja kwetu na jani la isale mkononi kuomba radhi. Nililipokea, yakaisha.

Wewe uliyeambiwa ndoa yako imekufa, au mtoto wako ameshapotea, usikimbilie jembe. Mwulize Bwana kwanza ni neno gani limepungua, kisha umtumaini yeye. Ule mkungu mnaouona mbele ya madhabahu ni sadaka yetu ya shukrani. Umetoka palepale Anaeli alipofyeka. Mgomba aliupanda Baba Upendo, na asubuhi hii mkungu kaubeba mwenyewe, kichwani.