Mzee Legeza na Tundu la Sita

Baada ya miaka thelathini na tatu katika karakana ya magari ya hospitali yetu, fundi mkuu wa injini, ambaye hata ratiba ya zamu humwandika Mzee Legeza, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Ofisi ya utumishi imeniomba mimi, mtunza stoo wake, niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha hafla. Nimejitahidi. Lakini moyo wangu ni mzito na sikuweza kuuficha, kwa hiyo nilimsomea mwenyewe kabla ya kupeleka kuchapwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Acha hivyohivyo. Nisije nikapigiwa makofi ya uongo."

Alianza hapa kwa kuosha vipuri kwenye karai la dizeli. Akapandishwa kwenye breki, kisha kwenye injini, na fundi aliyemtangulia akamwachia jiliwa la kubania vyuma, tupa tatu na ugomvi na kutu. Ugomvi huo haukuisha, maana gari la wagonjwa halipumziki, na mahali linapoumia mapema ni kwenye manifodi ya ekzosi, ule mkono wa chuma unaokusanya moshi kutoka kwenye injini. Panawaka moto, panapoa, panawaka tena, mpaka bolti na tundu lake vinashikana. Ukiilazimisha bolti, inatoka na thredi, yaani yale meno ya ndani ya tundu, na hapo huna tena pa kufungia. Moshi unavuja, na ukivuja sana unamfikia mgonjwa aliyelala nyuma.

Mafundi wengine wangeagiza kichwa kipya cha injini, kile chenye matundu hayo. Yeye alikuwa akija dirishani kwangu kuomba mafuta ya kulegeza kutu, drili, tepu ya kukatia thredi mpya, na zile springi ndogo za waya zinazokaa ndani ya tundu na kuishika bolti upya. Springi hizo aliziita meno ya bandia. Jina hilo alilianzisha siku aliyotoka kung'olewa jino akiwa na shavu limevimba, na mpaka leo ndilo lililoandikwa kwenye boksi lake stoo.

Jina lake yeye lilitokana na sheria yake moja. Bolti haianzi kwa kufungwa, inaanza kwa kulegezwa. Unaiweka kwenye tundu kwa vidole vitupu, unaizungusha kinyume polepole, mpaka uhisi imedondoka kidogo, tik, jino limekutana na jino. Hapo ndipo unageuza na kufunga. Spana haigusi kitu kabla vidole havijaridhika. Dereva mmoja aliwahi kujisifu kwamba alikaza bolti kwa spana na bomba refu mpaka ikalia. Mzee aliinama, akachungulia, akamwambia, "Hiyo haikulia, baba. Ilikuwa inakuaga."

Ugonjwa huo wa kulegeza ulituambukiza sote. Kantini yetu yote hufunga chupa ya chai kwa kuzungusha kifuniko kinyume kwanza. Mkewe, shemeji yetu, analalamika kwamba kwake hata kopo la chumvi linafungwa kama injini.

Na shemeji ndiye aliyeona kabla yetu. Asubuhi moja Mzee alisimama mbele ya kioo akihangaika na vifungo vya shati, akashindwa, akasingizia shati. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Daktari wetu wa ghorofani alimwambia ukweli bila kuuzungusha: mtikisiko wa drili na mashine za kusagia, miaka nenda miaka rudi, umekula mishipa, na hisia hazitarudi. Mzee alishukuru, akashuka ngazi, akaendelea na kazi. Hakumwambia mtu. Palipoonekana, macho yalimsaidia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliumbuliwa na tundu la bolti.

Mwezi uliopita liliingia karakanani gari tunaloliita Bibi Harusi kwa weupe wake, moja kati ya magari mawili ya wagonjwa tuliyo nayo. Matundu yote sita ya manifodi yalikuwa yameishiwa thredi. Uongozi ulipomuuliza Mzee anataka zawadi gani ya kuagwa, alisema hataki saa ya ukutani. Anataka Bibi Harusi atoke getini akijiendesha, yeye akiwa bado mfanyakazi. Hilo tu.

Matundu matano yalikubali. Niliyaona kwa macho yangu, yamenyooka, yana meno mapya yanayong'aa. La sita liko nyuma kabisa, limebanwa na ukuta wa boneti, jicho halifiki. Pale panafika mkono peke yake.

Kawaida yake ni kuzungushia ncha ya drili mkanda mwekundu. Mkanda ukigusa mdomo wa tundu, kina kimetosha, unasimama. Mahali pasipoonekana huweka kidole kando ya tundu na kuusubiri mkanda kwa ngozi yake. Siku ile mkanda uliteleza ukapanda juu. Kidole kilikuwa palepale kilipotakiwa kuwa, lakini hakikumwambia kitu. Drili ikapita, ikatoboa hadi kwenye njia ya maji ya injini.

Nilikuwa upande wa pili nikimshikia taa. Maji yalitoka, yakamtiririkia kiganjani, yakaingia kwenye mkono wa shati, na yeye bado anabonyeza drili. Nikamwambia, "Mzee, unalowa." Alinitazama usoni, hakunielewa. Halafu akautazama mkono wake. Akaizima drili, akaketi juu ya tairi mpaka maji yakaisha kutoka.

Alijaribu kuliziba tundu kwa kila njia anayoijua. Chuma cha pale ni chembamba, kikapasuka. Injini ya namna ile haitengenezwi tena, na kila stoo niliyoipigia simu kuulizia kichwa kingine imenijibu hakuna. Jumatatu Bibi Harusi atavutwa kupelekwa kwenye chuma chakavu. Tumebaki na gari moja, na nafasi ya Mzee haijatangazwa. Najua hapa ndipo mwandishi hutia neno la faraja. Nimelitafuta nilivyokitafuta kile kichwa cha injini, na sijalipata.

Ninachoweza ni kushukuru. Asante, Mzee, kwa wagonjwa waliofika hapa wakivuta hewa safi bila kujua ni nani aliyeuzuia moshi usiwafikie. Asante kwa kutotukana hata siku moja dirishani kwangu, hata nilipokupa saizi isiyo yako. Tutakukosa sana, na karakana itakukosa kuliko sisi.

Juzi alikuja kurudisha vifaa. Alipomaliza aliokota bolti na nati mezani, akazikutanisha, akazungusha kinyume polepole. Kisha akaniuliza, "Imedondoka?" Niliisikia ile tik. Nikamwambia imedondoka. Akageuza, akaifunga, akaniwekea mezani na kwenda zake.

Tunakutakia maisha mema, Mzee Legeza, na afya njema kwa shemeji anayekufungia vifungo. Nanyi wenzangu, Ijumaa tutapanga foleni kumpa mkono wa kwaheri. Msimbane kwa nguvu mkidhani ndiyo heshima, mkono ule hautawajua. Mtazameni usoni, tajeni majina yenu, subirini aitikie kwa kichwa, ndipo mmwachie.