Choo Katikati ya Chumba cha Kufulia

Ndani ya basi mjini Pittsburgh, Janine alikuwa amepakata kopo la rangi nyeupe, la bei ya chini kuliko yote dukani. Bibi aliyeketi kando yake akamuuliza anapaka nini.

"Chumba cha kufulia, bibi, kule chini ya nyumba. Kuta nyeusi kama masizi, na katikati kuna choo! Hakina ukuta wala pazia. Fundi wa bei nafuu anapatikana leo tu, aking'oe nipate pa kuweka mashine."

"Thubutu! Waume zetu walitoka kiwanda cha chuma weusi tii, wakapitia mlango wa chini. Walijisafishia hapo kabla ya kupanda kula."

"Lakini kiwanda si kilifungwa kabla sijazaliwa?"

"Na bomba la maji machafu likiziba, unataka yafurikie wapi kama si kwenye choo hicho cha chini? Jikoni kwako?"

Janine hakujua tena kama wanazungumzia waume au mabomba. "Basi nikizungushie ukuta?"

"Ukuta! Utapitaje na kapu la nguo, mwanangu?"

Basi likasimama. Fundi alikuwa kwenye ngazi za nyumba ya Janine, nyundo mkononi, mikono ya shati ameshaikunja. Janine alishuka polepole, akiomba fundi asiwe na haraka, maana hakujua tena amwambie aking'oe au akiache.