Ukuta Uliokula Njia ya Papa

Kanisa, amani iwe kwenu. Mchungaji amenipa nafasi kabla ya matangazo, na najua wengine wenu mnashangaa, kwa sababu mmezoea kuniona nikipita barabarani, si nikisimama hapa mbele. Leo nimesimama. Sitataja jina la mtu. Yule baba mtu mzima, papa kama tunavyowaita wazee wetu hapa, ambaye habari hii ni yake, amenikubalia niiseme. Aliniambia, "Sema yote, lakini usinifanye malaika. Nilikutukana."

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sikukaa mahali pamoja. Nimebeba samaki Nundu, nimelima karanga Kilembwe, nimechaji simu za watu Lusenda, karibu na kambi. Ugonjwa wangu ni mmoja tu: nikiona kitu nisichokijua, lazima nikifungue. Redio, saa, hata kufuli ya mwenye nyumba. Huko Lusenda, ndugu mmoja mkimbizi kutoka Burundi alikuwa na ordinateri, kompyuta ya zamani, na ndani yake programu ya kuchora nyumba. Unavuta mstari, ukuta unasimama. Unabonyeza, paa linakaa juu. Kisha unaingia katika nyumba ambayo haipo, unatembea chumba kwa chumba. Ndugu zangu, nawaambia, nilisahau kula! Nilimsumbua yule ndugu hadi siku alipopata mashine nyingine akaniachia ile, akisema, "Chukua, nipumzike."

Nikaja nayo hapa Baraka. Bamama walikuwa wanagusa kioo kana kwamba wanataka kufungua mlango. Vijana wakaanza kuniita injeniere. Nami, mtu niliyeacha shule bila kujua hesabu ya kugawanya, jina lile likanikaa tamu mdomoni.

Ndipo mama mmoja akaja. Mume wake alikuwa anapanda michikichi kukata ngazi, yale mashada ya matunda ya mawese, akaanguka, na tangu siku ile miguu haimtii. Alipewa kiti cha magurudumu, lakini milango ya nyumba yao ilikuwa myembamba, kwa hiyo kiti kilikaa nje chini ya mabati kama baiskeli mbovu. Papa mwenyewe alibebwa. Kwenda msalani, kubebwa. Kuota jua, kubebwa. Hata hapa kanisani mlimwona akiletwa mgongoni. Sasa walikuwa wamepata parsele, kiwanja chao wenyewe, na walitaka kujenga.

Nilimuuliza papa anataka nyumba ya namna gani. Akaniangalia.

"Mutoto, mi naamka mbele ya bantu bote. Nalala pale nangojea muntu wa kunibeba. Unichoree nyumba nitatoka mwenyewe. Ile tu. Mambo ya rangi, uliza mama."

Nikachora. Chumba chake, kisha kuluwari, ile njia ya katikati inayogawa vyumba, moja kwa moja hadi mlango wa nje. Nikaweka kiti kwenye kuluwari ndani ya kioo, nikakipitisha mbele yao. Kilipita bila kugusa kitu. Mama alilia. Papa akasema, "Pitisha tena." Nikapitisha tena.

Tukatoa ramani kwenye karatasi, fundi akafunga kamba kufuata mistari yangu, akaanza kujenga kwa matofali mabichi. Kuta zilipofika kifuani, mama akasema tumlete papa aone njia yake. Tukamsukuma kutoka barabarani hadi kizingitini, kisha tukaachia mikono. Aende mwenyewe.

Akaingia. Akapita mlango. Akaingia kwenye kuluwari, na kiti kikashika.

Akasukuma. Gurudumu la kulia likakwangua ukuta, la kushoto nalo likakwangua. Akasukuma kwa nguvu zaidi, na nikaona ngozi ya vidole vyake ikibaki kwenye tofali. Kiti hakikwenda mbele, hakikurudi nyuma. Tulikivuta kwa nyuma, watu wanne, naye amekaa ndani yake.

Ndugu zangu, sijawahi kushtuka namna ile. Nilikuwa nimekiona kiti kile kikipita! Kwa macho yangu! Mtu mmoja ng'ambo ya uzio akasema, "Iyi nyumba iko ya panya," na watu wakacheka. Papa hakucheka. Alinitukana neno ambalo sitalirudia madhabahuni.

Nikamgeukia fundi. Nikamwambia amekosea. Fundi akachukua karatasi yangu, akachukua mita, akanishika mkono.

"Kuya uone, injeniere wa kioo. Kamba ya huku, kamba ya huku. Soma."

Nikasoma. Namba ilikuwa ileile niliyoandika. Tukapima upande mwingine, ileile. Nikafungua mashine palepale juu ya rundo la matofali, namba ileile. Fundi hakukosea. Mashine haikukosea. Na kiti hakipiti. Kuna mama aliyeanza kunong'ona kwamba parsele ile ina jambo, na mimi, nisiyeamini mambo hayo, nilitamani liwe kweli, angalau niwe na jibu.

Nilifunga mashine, nikapanda pikipiki, nikaenda Kilembwe bila kumuaga mtu. Nikashika jembe tena. Ujenzi ukasimama, mvua zikawa zinakaribia, na kuta za udongo zilikuwa wazi bila bati. Nilijua hivyo, na sikurudi.

Siku moja simu ikalia. Papa.

"Mutoto, umekwenda na nyumba yangu mu sakoshi, mu mufuko yako."

"Papa, unisamehe."

"Acha ile. Sikukuita juu ya musamaha. Mi nakaa hapa nafikiri kintu kimoja: namba ziko sawa, kiti hakipite. Juu ya nini? We njo uko na masini. Uniambie juu ya nini."

Nikasema sijui.

"Sasa utalala namna gani na haujue? Mi sinaweza."

Kanisa, pale ndipo Mungu alinishika, na alinishika kwa ugonjwa wangu uleule. Lawama ningeikimbia hadi Kalemie. Lakini swali! Niliacha jembe shambani. Nikaenda dukani kwenye sola, nikachomeka mashine, nikaanza kubonyeza kila kitu upya kama siku za Lusenda. Nilikagua milango, nikakagua vipimo vya kiti. Kisha nikabonyeza ukuta wenyewe. Pembeni kikafunguka kisanduku kidogo ambacho sikuwahi kukigusa. Kilikuwa cha unene.

Ukuta wa mashine ulikuwa na unene wa kiganja changu. Waliotengeneza programu ile, sijui huko kwao wanajenga kwa kitu gani, labda mbao. Tofali letu bichi ni refu kutoka kiwiko hadi vidoleni, tunalilaza kwa kukingama, na bado tunalipaka udongo huku na huku. Tena fundi wetu akifunga kamba, anajenga kuelekea ndani ya kamba, ndivyo tulivyozoea, ili ukuta usivuke kwa jirani, na kuta za katikati nazo hujengwa hivyohivyo. Kuta mbili za kuluwari, zote mbili zilikuwa zimeingia kwenye njia ya papa na kuila.

Nikaandika unene wa kweli, nikabonyeza. Mungu wangu! Nyumba ilivimba kwa ndani mbele ya macho yangu. Kitanda kikamezwa na ukuta. Mlango mmoja ukabaki unaning'inia hewani. Nilipiga kelele, mwenye duka akadhani umeme umenikamata.

Nilirudi Baraka siku iliyofuata. Nikawaonyesha. Papa aliangalia kitanda ndani ya ukuta, akasema, "Njo vile!" na akacheka kwa mara ya kwanza tangu anitukane. Lakini njia bado haikuwepo, na parsele haikuwa na nafasi ya kupanua. Nilivuta ukuta huku, chumba kikafa. Nikavuta kule, mlango ukafa. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kuluwari iko ya nini?"

"Mama, nyumba zote za kisasa ziko na kuluwari."

"Nani atalala mule?"

Nikaifuata kuluwari kwa kidole kwenye kioo, toka mwanzo hadi mwisho.

"Basi, uitoshe, uiondoe."

Nikaifuta. Vyumba vyote vikafunguka kwenye salo, ile sebule, na katikati pakawa peupe. Sikuamini kioo tena, kwa hiyo nilimwomba fundi tupange matofali makavu chini, kwa unene wake wote, na papa akapita katikati yake mwenyewe. Alipokuwa anakata kona, kiwiko chake kiligonga, kwa maana anayesukuma kiti hupanua mikono. Tukasogeza matofali. Akapita tena. Ndipo tukabomoa kuta za kuluwari, tofali kwa tofali, na mengi yalitoka mazima.

Nyumba ilipoezekwa nao wakahamia, asubuhi moja mama aliamka, kitanda cha papa kitupu, kiti hakipo. Alipiga mayowe, mtaa mzima ukatoka. Tulimkuta barabarani, katikati ya madereva wa pikipiki, ameshika andazi, anabishana nao habari ya mpira.

Nawashukuru wale vijana mliobomoa pamoja nasi. Namshukuru fundi, ambaye angeweza kunifukuza. Namshukuru mama aliyeuliza, na papa aliyenipigia simu. Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kumchorea mtu nyumba, uliza ukuta wake utajengwa kwa kitu gani, kisha umpitishe mwenyewe, kwa mwili wake, kabla udongo haujakauka.

Ndugu zangu, papa amekuja ibadani leo. Amekuja mwenyewe, na amekataa kubebwa. Yuko nje hapo chini ya dirisha, ananisikiliza, kwa sababu mlango wetu haumpitishi. Asubuhi hii niliupima.